Wajumbe Saba wa Buleusa

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa studio, nikatia sahihi kwenye orodha ya vifaa, na ile mikro niliyoitumia miaka mingi nikaiacha mahali pake. Nadège, anayeongoza sasa chumba cha habari, aliniomba niandike kitu kwa ajili yenu mnaobaki. "Mama Riziki," aliniambia, "andika vile kazi ilikuwa. Vyeo tuviache." Vyeo havina shida. Katika redio ndogo kama yetu ya Masisi, mtu anaweza kuwa mkurugenzi asubuhi na mchana akapanda juu ya nyumba kupangusa sahani za umeme wa jua. Basi nitaandika kazi.

Siku yangu ya kwanza, mkuu wa habari alikuwa Papa Batumike. Mtu mfupi, mwenye koti moja la kijani, aliyesema polepole hata mvua ikiwa inaingia studio. Alinipa tangazo la kifo nilisome: mzee wa mlima wa pili amefariki, mazishi kesho, jamaa wa Sake na wa Shasha wajulishwe. Nikasafisha koo, nikanyoosha karatasi.

"Nani amekuambia amekufa?" aliuliza.

"Iko mu karatasi, Papa."

"Karatasi iliona maiti?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinituma nipande mlima kwa miguu, saa nzima na zaidi, viatu vyangu vipya vya kazi vikijaa tope. Nilimkuta marehemu anapalilia maharagwe. Sikujua namna ya kumsalimu mtu ambaye mazishi yake nimeyabeba mfukoni, basi nikampa karatasi tu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama wameandika kwamba kutakuwa na pombe. Kisha akaitazama tena, na kicheko kikamwisha. Aliijua ile hati ya mkono. Ilikuwa ya shemeji yake, ambaye tangu zamani alilitamani shamba la chini. Kama ningesoma lile tangazo, shamba lingekuwa na mwenyewe mwingine kabla mzee hajafika bondeni kueleza kwamba bado anapumua.

Niliporudi, Papa Batumike hakunipongeza. Alinipa kaye, daftari la shule, akanichorea mistari mitatu: nani amesema, aliona ao alisikia, nani mwingine. "Hiyo njo kazi," alisema. "Ile ya kusoma ku mikro, hata kasuku anaweza." Kaye za namna hiyo nimezijaza nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Msifikiri nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwaka wa pili nilitangaza kwamba dawa za chanjo zimekwisha kwenye kituo cha afya. Dereva mmoja ndiye aliyenieleza, na alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa. Akina mama waliokuwa njiani na watoto mgongoni wakageuka, wakarudi kwao. Dawa hazikuwa zimekwisha. Dereva alikuwa ameona masanduku matupu mlangoni, akamalizia mwenyewe. Papa Batumike hakunigombeza. Aliniandikia majina ya vijiji vitatu, akasema niende nikawaambie wale wamama mimi mwenyewe, mlango kwa mlango. Nilienda. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, bila hasira, kama nina mtoto. Hilo swali lilinifundisha kuliko semina zote.

Baadaye kulikuwa na samaki wa Shasha. Walisema samaki wa kule wanaua watu, na kweli sokoni mwetu hakuna aliyewagusa tena. Nilishuka mpaka ziwani. Shasha waliniambia waliokufa ni watu wa Minova. Minova wakaniambia waliokufa ni watu wa Shasha. Siku mbili nilitafuta kaburi moja tu, sikulipata. Mwishowe mama mmoja alinikaangia samaki, nikamla mbele ya kinasa sauti, na wavuvi wakinizunguka, wananitazama kwa makini kama wanangoja nianguke. Ripoti ile niliitoa mdomo ukiwa bado na mwiba.

Kisha zikaja telefone, na magrupu, na zile sauti zinazorushwa toka mkono kwa mkono. Zamani uongo ulipanda mlima kwa miguu kama sisi; ulichoka, ulinyeshewa, mara nyingine ulilala njiani. Sasa ulianza kufika kabla yetu. Papa Batumike alisikiliza ujumbe wa kwanza wa namna hiyo, akavua miwani, akasema yeye miaka yake imetosha. Aliniachia meza yake na lile swali lake, akaenda kulima.

Nifike sasa kwenye jambo mliloniomba hasa, lile la uchaguzi wa chama. Wengine mlikuwa bado shuleni.

Kile chama hamtanisikia nikikitaja, kwa sababu wahusika wote wako hai na tunakutana kwenye misa. Kilikuwa na mkutano mkuu wa kuchagua mwenyekiti wa Masisi na Walikale. Wajumbe walikutana Masisi, Jumamosi, katika darasa kubwa la shule. Wagombea walikuwa wawili. Papa Déogratias, mwenyekiti wa siku nyingi, mwenye ng'ombe na mwenye maneno machache. Na Mwalimu Janvier, ambaye nusu ya vijana wa mji walipita mikononi mwake na bado walimwogopa kidogo. Jioni walitangaza kwamba Papa Déogratias ameshinda kwa sauti tano, yaani kura tano za zaidi.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, sauti ikaanza kuzunguka kwenye telefone. Mwanaume alikuwa analia: "Ndugu zetu saba wa Buleusa, wamewakamata kule Kalembe ili wasikuje kuchagua! Na Mama Katungu wamemutupa mu mayi! Amekufa! Watu wa Déogratias njo wamefanya!" Basi. Hakujitaja, hakusema siku gani; tulichojua ni kwamba Buleusa iko kule Walikale, na njia ya wajumbe wake inapita Kalembe.

Jumatatu asubuhi nilipopita sokoni niliona vijana wamekaa juu ya rundo la mawe ya barabara. Hawakuwa wanajenga chochote. Jirani wa Papa Déogratias alikuwa anatoa magodoro nje, anayapeleka kwa dada yake, na mke wa Papa Déogratias alisimama dirishani anamtazama. Wale wawili walikuwa wameazimana chumvi miaka ishirini. Nilijua basi kwamba tuna siku moja, labda na nusu.

Mwalimu Janvier alikuwa ananingoja redioni, macho mekundu.

"Mama Riziki, pitisheni hii sauti mu habari. Watu wajue."

"Mwalimu, wewe uliona?"

"Kila muntu anajua!"

"Nauliza wewe."

Alivuta kiti. Alikuwa mwalimu, alilijua jibu ambalo si jibu. "Nilisikia," alisema.

Hakuwa amemaliza kukaa, na mtu aliyetumwa na Papa Déogratias akaingia na tangazo lenye muhuri. Lilisema wajumbe wote wa Masisi na Walikale walikuwepo, walichagua kwa amani, na liste ya sahihi zao iko nyuma. Niligeuza. Buleusa: majina saba, sahihi saba. Ya tatu, Katungu, imeandikwa vizuri sana, na mkia mrefu chini kama wa barua ya mapenzi.

Nadège alisoma juu ya bega langu. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ametimiza mwaka mmoja kwetu. "Kama alitia sahihi hapa Jumamosi, hawezi kuwa mu mayi kule Kalembe," alisema. "Mumoja kati yao iko anadanganya."

"Ao wote wawili," nilisema.

Nilipiga telefone Kalembe: hakuna réseau, mtandao haufiki. Nilipiga Buleusa: hakuna. Nilimwendea Papa Déogratias nyumbani. Alikuwa amekaa sebuleni na watoto wake wote, amevaa suti kana kwamba anangoja wageni. Nilimuuliza kama Jumamosi alimwona Mama Katungu kwa macho yake.

"Darasa ilikuwa imejaa, Mama. Mambo ya liste ni ya wale wa sekreteria."

"Papa, sikuulizi liste."

Akatazama mikono yake. "Sikumuona," alisema taratibu. "Lakini sijamugusa muntu, Mama Riziki. Hata mbele ya Mungu."

Nikarudi kwa Mwalimu Janvier. Nilimwambia kesho saa kumi ya mchana redio itasema inachokijua, kizuri ao kibaya kwake. Mpaka pale, awazuie vijana. Alisema hawezi. Nikamwambia aliwazuia darasani wakiwa hamsini na yeye na chaki tu. Basi akaenda kukaa nao juu ya yale mawe, na Nadège ananiambia hakuondoka pale isipokuwa kwenda kulala.

Jumanne alfajiri niliondoka na Kaka Innocent, dereva wa pikipiki niliyemwamini kuliko wote, kwa kuwa aliogopa kuliko wote. Njia ya Kalembe mnaijua. Tulishuka kusukuma mara nyingi kuliko tulivyopanda. Kwenye vizuizi tulieleza sisi ni nani, tukaelezwa sisi ni nani, tukapita. Sikuzungumza. Nilikuwa napanga kichwani jinsi ya kutangaza kwamba mama wa watu amekufa bila mji mzima kuwaka, na sikupata sentensi. Hakuna sentensi ya namna hiyo. Nilimwomba Mungu nisiihitaji.

Kalembe tulifika saa saba na nusu. Niliwauliza wa kwanza, walisema ndiyo, wamekamatwa. Waliona? Hapana, walisikia. Toka wapi? Kwenye telefone, mtu alipanda mlima kutafuta réseau, akarudi nayo. Yaani habari ilitoka Kalembe, ikaenda kuvaa nguo mpya Masisi, ikarudi Kalembe nao hawakuitambua. Mama mmoja aliyekuwa anapanga ndizi zake njiani alinisikia, akainua kichwa.

"Wageni wa Buleusa? Wako kwa katekista. Asubuhi wamenunua maharagwe kwangu."

"Wote?"

"Wote. Ule mama wa muguu pia."

Sikumshukuru. Nilikwenda nusu mbio, mwanamke wa umri wangu, na Kaka Innocent nyuma akisema polepole Mama, polepole.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha miti mbele ya nyumba ya katekista, mguu umefungwa vijiti na kitambaa, anapukusa maharagwe kwenye lungo. Mama mnene, mweusi, uso wa kazi.

"Mama Katungu wa Buleusa?"

"Njo mimi."

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo. Mmoja wa wale wajumbe akaniletea maji, na wengine wakakusanyika kunitazama. Niliwahesabu pamoja naye mara mbili: saba. Kisha nikawafungulia ule ujumbe kwenye telefone yangu.

Wanaume walipiga kelele wote kwa pamoja. Mama Katungu hakupiga kelele. Lungo lilitulia magotini mwake.

"Hii sauti," aliuliza, "imefika Buleusa?"

"Siyui, Mama."

"Watoto wangu wameisikia?"

"Siyui."

Akaanza kulia bila kutoa sauti, na mimi nikaona kwamba nimefanya kazi ya kasuku: nimemsomea mtu kifo chake kabla ya kufikiri ana nani nyumbani.

Kisha akanieleza, na niliandika kila kitu. Hawakukamatwa na mtu. Ijumaa walifika kwenye mto, daraja la magogo lilikuwa limelegea kwa mvua. Yeye alivuka wa tatu. Gogo likageuka, akaanguka majini, kikapu kikaenda, na mguu ukavunjika kwenye jiwe. Wenzake walimvuta. Ng'ambo ya pili kulikuwa na watu wamesimama. Walimwona akianguka, hawakungoja kuona akitoka. Wale sita waliambiwa waende Masisi wamwache, wakakataa. "Hatukuweza kumuacha mama juu ya kura," alisema mzee wao. "Tungemueleza nini bwana yake?" Basi Jumamosi ilipita wakiwa palepale, wanakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa katekista.

"Kwa hiyo hakuna aliyechagua," nilisema.

"Hata mumoja."

Nikatoa liste. Nikamwonyesha mstari wake, na ule mkia mrefu. Aliutazama sana, akageuza karatasi, akaitazama tena.

"Hii ni nini?"

"Sahihi yako."

"Mama," alisema, "mimi siandiki. Natiaka kidole."

Ilikuwa karibu saa tisa. Réseau ya Kalembe ilikuwa juu ya mlima, chini ya nguzo ya zamani, na yeye hawezi kutembea. Sikumwomba. Yeye ndiye aliyesema watoto wake wasikie sauti yake, si yangu. Wanaume wakafunga miti miwili kwenye kile kiti, wakambeba kama mgonjwa anavyobebwa kwetu, wanapokezana.

Katikati ya mlima, Kaka Innocent alinivuta pembeni.

"Mama Riziki, sema tu kama yuko muzima. Ile ya sahihi utaisema tukifika. Tutarudi kwa njia gani? Pale njiani wote ni watu wa Papa Déo."

Nami nilikuwa nimeshalifikiria hilo, msinione shujaa. Nusu ya habari ingewatuliza vijana wa Mwalimu na kunirudisha nyumbani salama. Lakini wale sita walikuwa wanabeba kiti na kutokwa jasho mbele yangu, na kesho yake wangesikia kwamba Masisi bado inasema walichagua. Mimi ningekuwa ndiye shahidi niliyenyamaza. Nilimwambia Kaka Innocent akae mbali nami, awe hanijui. Alikataa, akaendelea kupanda nyuma yangu.

Saa kumi kasoro kidogo Nadège alipokea. Réseau ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu nikasikia muziki wetu wa habari, mbali kama uko ndani ya chupa, na Nadège akasema yuko hewani, tuseme. Nikampa Mama Katungu telefone kwa mikono miwili.

"Mimi ni Katungu wa Buleusa," alisema. "Niko muzima. Nilianguka mwenyewe mu mayi, daraja ilikuwa mbaya. Hakuna muntu alinisukuma. Wenzangu wote wako hapa. Watoto wangu, kama munasikia, muache kulia. Mupalilie muhogo."

Kisha nikachukua mimi. Nilisema wajumbe saba wa Buleusa hawakukamatwa. Nilisema pia hawakufika, hawakuchagua, na sahihi zilizo mbele ya majina yao si zao. Na nikasema la tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote: "Nani aliziandika, hatujui. Hatujaona mtu akiziandika, na hatutataja mtu." Nadège alinieleza baadaye kwamba pale sokoni redio zote zilikuwa wazi. Kwa Mama Katungu, wamama walipiga vigelegele. Kwa sahihi, kukawa kimya. Kwa lile la tatu, kijana mmoja alisimama na jiwe mkononi, akamtazama Mwalimu Janvier. Mwalimu akamwambia, "Rudisha pale ulilitoa." Akalirudisha. Jirani wa Papa Déogratias alirudi na magodoro yake kabla ya giza, na mke wa Papa Déogratias alimsaidia kubeba moja.

Njia ya kurudi haikunifanya chochote. Kwenye kizuizi kimoja walinitambua kwa sauti. Mmoja alinitazama kwa muda mrefu, nami nikaona mwisho wangu umefika. Akaniuliza kama ule mguu utapona. Nilisema utapona. Kaka Innocent aliimba nyimbo za kanisa mpaka Masisi, zote vibaya.

Jumatano Papa Déogratias aliingia redioni amekasirika. Nadège alimpigia rekodi nzima, mwanzo mpaka mwisho. Rekodi ilipofika pale tuliposema hatutataja mtu, alikaa. "Ninyi mungeweza kunimaliza," alisema. Kisha yeye mwenyewe akaandika kwa chama kwamba uchaguzi urudiwe. Hatukujua kamwe nani alikuwa na mkono ule mzuri wa kuandika. Mimi nina mtu ninayemdhania. Kudhania hakuna mstari kwenye kaye.

Wiki chache baadaye walirudia, na wote saba walifika, Mama Katungu na fimbo. Papa Déogratias alishinda tena, kwa sauti mbili. Nadège alinuna siku nzima. Alikuwa amedhani tulifanya yote yale ili ashindwe. Mwalimu Janvier alimpa mshindi mkono mbele ya watu, akasema amehesabu mwenyewe kura moja moja, akarudi kufundisha.

Mimi nilikuwa nje ya darasa siku hiyo, kwenye kivuli cha ukuta, Mama Katungu alipotoka, kidole gumba bado kina wino. Alikuwa na binti yake mkubwa. Yule binti alinishika mikono, na mama yake ndiye aliyesema. Ile sauti ya Jumapili ilikuwa imefika Buleusa Jumatatu. Walikuwa wamekwisha kuwasha moto wa matanga. Jumanne binti alikuwa amekaa chini na waombolezaji, mtu akaja mbio na redio mkononi.

"Muangalie," alisema Mama Katungu, na akamvua binti kitambaa cha kichwa.

Walikuwa wamemnyoa kichwa chote kwa ajili ya msiba wa mama yake. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, laini, kama za mtoto wa miezi mitatu. Mama yake alipitisha mkono juu yake, taratibu, toka paji la uso mpaka shingoni, na akaanza kucheka, na yule binti akacheka pia huku machozi yanatoka.

"Zitaota," alisema Mama Katungu. "Hiyo haina shida."